Mwili uliozoea joto la Tanga utahisi nini kwenye dojo la Tokyo mwezi Januari?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mkazi wa Chumbageni, Tanga, nina miaka 25. Judo nilijifunza Zanzibar nilipokuwa masomoni, na tangu nirudi nyumbani tunafanya mazoezi na wenzangu wachache kwenye ukumbi wa shule, juu ya magodoro ya sponji tuliyoyafunika turubai. Nimepata nafasi ya kwenda Tokyo kwa miezi mitatu kuanzia Januari, kufanya mazoezi na timu ya chuo kikuu. Kutupwa hakunitishi. Naogopa baridi, na naogopa kutojua maumivu yapi ni ya kawaida na yapi ni ya hatari, maana huko sina mtu wa kumweleza. Pia navaa hijabu. Mwili wangu utahisi nini, na nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umeniita daktari, nami sitaitupa heshima hiyo, ila wasomaji wengine wajue kwamba taaluma yangu ni fiziotherapia, na kwamba judo niliifanya miaka kadhaa nilipokuwa masomoni Japani. Kwa hiyo mengine nitakayoyasema yanatoka kwenye elimu ya mwili wa binadamu, na mengine yanatoka kwenye magoti yangu.

Swali la baridi ni jepesi kuliko la maumivu, lakini yamefungamana, kwa sababu baridi ndiyo itakayokupunguzia uwezo wa kuusikiliza mwili. Hapa nyumbani unajisoma bila kufikiri: unajua jasho la kawaida ni lipi, kiu ya kawaida ni ipi, na ukiamka na uchovu wa homa unautambua kabla hujatoka kitandani. Alama hizo zote umejifunza katika hali ya hewa moja. Ukifika Tokyo zitabadilika karibu zote kwa mara moja, na kwa wiki mbili tatu za mwanzo sehemu kubwa ya utakachokihisi kitatokana na hewa, sakafu na saa za usingizi, wala hakitakuwa na uhusiano mkubwa na kiwango chako cha judo. Wapo wanaokata tamaa kwa kuyachukua mambo hayo kuwa kipimo cha uwezo wao. Wapo pia, nao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, wanaoamua kuvumilia kila kitu kwa jumla, hata yale yasiyostahili kuvumiliwa.

Baridi kali kuliko zote uliyowahi kuionja huenda ni ya Lushoto mwezi wa Julai. Tokyo, alfajiri za Januari, kipimajoto husoma kati ya nyuzi 0 na 3, na mchana hufika karibu nyuzi 10. Hiyo ni baridi ya nje. Tatizo ni kwamba madojo mengi, yaani kumbi za mazoezi ya judo, hayana joto la ndani linalotosha, na mengine hufungua madirisha makusudi. Wajapani wana desturi ya kufanya mazoezi magumu katika siku za baridi kali, ambayo kwao huitwa kangeiko. Kodokan, makao makuu ya judo yaliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, imekuwa na kangeiko tangu mwaka 1894: siku kumi za Januari, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Vyuo vingi vina utaratibu wao wa namna hiyo, na ukifika mwezi huo usishangae kuambiwa kwamba mazoezi ya kesho yataanza kabla ya jua.

Utakachokihisi kwanza kitakuwa nyayo. Sakafu za Tanga hazina baridi, na mguu mtupu kwetu ni jambo la kawaida, ndiyo maana watu wa pwani huingia kwenye tatami, yaani mikeka ya mazoezi, bila kuwaza lolote kuhusu miguu yao. Dakika kumi za mwanzo nyayo zitauma, kisha zitakufa ganzi, na hapo wengi hufurahi kwamba maumivu yamekwisha. Ganzi hiyo ni ya kutiliwa shaka, kwa kuwa kidole kilichokufa ganzi hakikuambii kwamba kimejikunja vibaya au kimechanika kwenye mkunjo wake wa chini. Kwa hiyo kila baada ya mazoezi kaa chini, kausha miguu, na uitazame kwa macho, kidole kwa kidole, pamoja na visigino. Ngozi yetu, iliyozoea hewa yenye unyevu wa bahari, hupasuka haraka katika hewa kavu, na kisigino kilichopasuka kwenye tatami linalotumiwa na watu wengi ni mlango wa vijidudu.

Vidole vya mikono vitakusumbua zaidi ya miguu. Judo huanzia kwenye mshiko, na baridi huushambulia mshiko kwa njia mbili kwa pamoja: mishipa midogo ya damu hujibana ili kulinda joto la ndani ya mwili, na neva za vidoleni hupeleka habari polepole zaidi. Matokeo yake ni kwamba utashika ukosi wa vazi la mwenzako na hutakuwa na hakika kama umeushika. Mtu akikosa hakika hukaza mkono wote. Akikaza mkono wote, kigasha hujaa na kuwaka ndani ya dakika mbili, na mwishowe vidole hufunguka vyenyewe. Niliwahi kuona watu wenye nguvu nyingi wakishindwa kufunga mkanda wao wenyewe baada ya raundi tatu. Ukiongeza kwamba mavazi ya judo ya Kijapani ni mazito na magumu, hasa yakiwa mapya au yakiwa hayajakauka vizuri tangu jana, utaelewa kwa nini viungo vya katikati vya vidole huvimba katika wiki ya kwanza. Uvimbe huo, ukiwa unapungua asubuhi kwa kukunja na kukunjua vidole kwenye maji ya vuguvugu, ni wa kawaida. Funga vidole kwa plasta ya michezo kama utakavyowaona wenzako wakifanya. Kidole kilichovimba kikashindwa kujinyoosha chenyewe kwenye ncha ni habari nyingine, kwa kuwa huenda kano imekatika, na kinahitaji daktari wiki hiyo hiyo, si baada ya miezi mitatu.

Dawa ya haya ni kupasha mwili joto muda mrefu kuliko unavyofanya hapa. Tanga mwili umeshapata nusu ya joto lake kabla hujafika ukumbini, hasa ukija kwa baiskeli kama wengi wetu. Tokyo ongeza angalau robo saa ya kuruka kamba, kukimbia taratibu na kuzungusha mabega, mpaka uhisi jasho jepesi mgongoni, ndipo umshike mtu. Fika mapema uifanye peke yako kabla mazoezi ya pamoja hayajaanza, kwa sababu mwalimu hatasimamisha kundi zima kwa ajili ya mgeni mmoja. Wanawake huvaa fulana nyeupe ndani ya vazi la judo. Nunua zenye mikono mirefu zinazobana, zitakusaidia kwa baridi na kwa sitara pia.

Kuhusu kuanguka, umesema hakukutishi, nami naamini, lakini umejifunzia kwenye magodoro. Sponji hulipokea kosa lako na kulificha. Unaweza kuangusha bega vibaya kila siku na usijue, kwa kuwa godoro limekusamehe. Tatami la siku hizi ni ubao wa povu lililoshindiliwa na kufunikwa plastiki yenye michirizi. Linapunguza mshindo, ila ni gumu kuliko ulivyozoea. Utasikia kwanza sauti: mkono ukipigwa sawasawa kwenye ukemi, yaani ufundi wa kuanguka salama, hutoa mlio mmoja mpana, na katika ukumbi mkubwa wenye watu sitini sauti hizo hazikatiki, zinapanda mpaka kifuani. Kiganja kitawaka, na katika baridi kitawaka zaidi. Siku moja utaanguka kwa mgongo kabla hujatoa hewa, na pumzi itakatika kabisa: utafungua mdomo na hakuna kitakachoingia. Hali hiyo inatisha, lakini ni msuli wa kupumulia uliokaza kwa muda. Lala, kunja magoti, jaribu kutoa hewa badala ya kuivuta, na ndani ya sekunde chache itarudi. Isiporudi kamili, au ikabaki na kichomi upande mmoja kila unapovuta hewa, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha na mbavu zinahitaji kuangaliwa.

Faida ya sakafu ngumu ni miguu. Kwenye magodoro yenu mguu huzama, nawe bila kujua umejifunza kuunyanyua sana kabla ya kuupeleka. Kwenye tatami wenzako watateleza na kukufagia mguu kabla haujatua. Usitafsiri jambo hilo kuwa wao ni wepesi na wewe ni mzito. Kabla hujaondoka, tenga nusu ya kila zoezi lenu kwa ajili ya miondoko ya miguu na uchikomi, yaani kurudiarudia maingilio ya mtupo bila kuumaliza, kwenye sakafu ya ukumbi bila magodoro, na bila kutupana. Vigimbi vya miguu vitalalamika hapa nyumbani, jambo ambalo ni nafuu kuliko vikalalamikie ugenini.

Hewa yenyewe utaihisi puani na kifuani. Majira hayo ya baridi Tokyo huwa na ukavu ambao mtu wa pwani haujui kabisa: midomo hupasuka, pua hutoka damu kidogo, na ukigusa kitasa cha mlango baada ya kuvua sweta utapigwa na cheche ndogo ya umeme. Ukihema kwa kasi katika hewa hiyo, njia za hewa hukauka na kujibana, na baada ya randori, yaani pambano huru la mazoezi, utakohoa kikohozi kikavu kwa dakika kadhaa. Ukikohoa kidogo na kuacha, sawa. Ukisikia kifua kikipiga mluzi na kubana, na hali hiyo ikirudi kila siku, usiivumilie, hata kama hujawahi kuwa na pumu maishani. Daktari anaweza kukupa dawa ya kuvuta kabla ya mazoezi, na mtu hurudi kufanya judo yake kama kawaida. Njiani funika pua na mdomo kwa mtandio.

Chukua mafuta ya nazi, ila usishangae ukiyakuta yameganda kwenye chupa, kwa sababu chini ya nyuzi 24 hivi huwa hayayeyuki. Weka kwenye chombo chenye mdomo mpana, uyachote kwa kidole. Jipake usiku baada ya kuoga, kamwe usijipake kabla ya mazoezi, maana mikono yenye mafuta huteleza na kuchafua vazi la mwenzako, nalo ni jambo la aibu kwenye dojo kuliko kutupwa.

Jasho nalo litakudanganya. Hapa likitoka linabaki mwilini na nguo inakuganda, kwa hiyo unajua umepoteza maji. Kule hukauka mara moja. Utadhani hukutoka jasho, ilhali vazi lako ukilivua ni zito na mvuke unaonekana ukipanda kutoka mabegani mwa watu. Baridi pia hupunguza hisia ya kiu na huongeza mkojo. Njia rahisi ni kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi katika siku za mwanzo: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji inayotakiwa kurudi. Ukishajua wastani wako unaweza kuachana na mizani.

Usingizi utaupoteza kwa siku tano hadi saba. Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6, na mwili hujirekebisha takriban saa moja kwa siku, polepole zaidi mtu anaposafiri kuelekea mashariki. Hebu fikiria: mazoezi ya saa kumi na moja na nusu alfajiri ni saa tano na nusu usiku hapa Tanga. Mwili wako utakuwa unajiandaa kulala, joto lake la ndani likiwa linashuka, na wewe unautaka utupe watu. Miguu itakuwa mizito, utachelewa kuona mwenzako anavyoingia, na kichefuchefu chepesi kinaweza kukupata. Siku hizo usipime chochote kuhusu judo yako, na ukiweza omba kuingia kwenye randori kuanzia siku ya nne. Mwanga wa jua ndio unaorudisha saa ya mwili mahali pake, lakini wakati wake una maana: kwa siku tatu za mwanzo utafute kuanzia saa nne au saa tano asubuhi hadi alasiri, kwa sababu mwanga mkali wa mapema zaidi, kwa mtu aliyetoka huku, unaweza kuisukuma saa hiyo upande usiotakiwa. Jua la Januari huchwa mapema na magharibi huingia karibu saa kumi na moja jioni, ambayo mara nyingi ni katikati ya mazoezi. Zungumza na kiongozi wa timu mapema kuhusu sala. Maelezo ya dakika mbili siku ya kwanza hukubaliwa vizuri kuliko kutoweka bila kuaga.

Chakula hakitakutesa. Wali na samaki unavijua, chumvi iko ya kutosha, na la kuangalia ni nyama ya nguruwe na mvinyo wa mchele unaotiwa kwenye michuzi.

Kukaa kwa magoti, ule mkao wa seiza, kunawalemea wageni wengi kuliko kutupwa. Wewe una nafuu, kwa kuwa kikao cha kati ya sijida mbili kimekufundisha kukalia mguu wa kushoto tangu utotoni. Tofauti ni kwamba katika seiza nyayo zote mbili zimelala, na mwalimu anaweza kuzungumza kwa dakika nyingi. Miguu ikifa ganzi, kabla ya kuinuka simamisha vidole vya miguu kwanza, usubiri damu irudi. Nimeona vifundo vya miguu vikiteguka kwa kuinuka haraka, baada ya mtu kumaliza mazoezi yote salama.

Halafu kuna kazi ya chini, newaza, ambayo pengine itakuwa mshtuko mkubwa kuliko wote kwa hisia. Hapa mna nafasi na upepo wa madirishani. Pale uso wako utafunikwa na kitambaa kizito chenye unyevu wa mtu mwingine, uzito wake wote ukiwa kifuani, na utasikia mapigo ya moyo bila kujua ni ya nani. Hofu inayoinuka hapo ni ya mwili wenyewe na haina uhusiano na ushujaa. Geuza uso upande, tafuta hewa kidogo, toa pumzi kwa urefu. Hofu hupungua kwa mazoezi ya wiki chache. Ukikabwa, kukaba kwa judo hubana mishipa mikubwa ya damu ya shingoni. Uso hupata joto, masikio huvuma, na pembe za macho huanza kuwa giza. Kuzirai kunaweza kuja ndani ya sekunde kama kumi. Gonga mara mbili mapema, wala usisubiri giza lifike katikati. Katika dojo la Kijapani hakuna anayemhesabia mwenzake mara alizogonga.

Sasa nije kwenye maumivu. Misuli kuuma siku moja hadi tatu baada ya kazi mpya, pande zote mbili za mwili, ikiwa migumu asubuhi na kulegea ukiipasha moto, ni gharama ya kawaida. Michubuko ya rangi rangi kwenye ugoko na mikono ya juu ni ya kawaida. Maumivu yaliyo ndani ya kiungo, mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, yanayoongezeka kadiri unavyoendelea, si ya kawaida. Goti linalojifunga au kukuachia wakati wa kutembea halina mjadala. Misuli ikivimba na kuuma kupita kiasi, kisha mkojo ukatoka na rangi ya chai kavu iliyokolea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa misuli imevunjika kiasi cha kuhatarisha figo. Hali hii humpata hasa mtu aliyefanya kwa nguvu zote siku za mwanzo ili asionekane dhaifu.

Kichwa kina sheria yake peke yake. Kati ya mwaka 1983 na 2011 wanafunzi zaidi ya 100 walifariki katika judo ya shuleni nchini Japani. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokana na majeraha ya kichwa, na waathirika wengi walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao shingo na ukemi wao havikuwa vimekomaa. Si lazima kichwa kigonge sakafu: kutikiswa kwa nguvu peke yake kunaweza kuchana mishipa midogo inayounganisha ubongo na utando wake, na damu ikajikusanya taratibu. Kwa hiyo kichwa kinachouma zaidi kadiri saa zinavyopita, kutapika, usingizi usio wa kawaida, au kusahau raundi iliyopita, vyote maana yake ni kuacha mara moja na kwenda hospitali ukiwa na mtu. Hakuna kurudi kwenye tatami mpaka daktari aseme. Na hapa nikuambie ninachokiogopa kwako hasa: umelelewa kwa adabu ya kutomkatisha mkubwa maneno, na unakwenda mahali ambapo adabu hiyo inathaminiwa vilevile. Mwalimu akikuuliza kama uko sawa, jibu litakalokutoka ni ndiyo. Jifunze kabla ya kuondoka namna ya kusema kwa Kijapani sentensi tatu, kwa matamshi ya kueleweka: nimeumia hapa, nimepata mtikisiko wa kichwa, siwezi kupumua vizuri. Zifanyie mazoezi kwa sauti kubwa, kwa sababu ulimi hukataa pale unapozihitaji.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona la hatari kuliko yote, ni malaria. Unaweza kuondoka Tanga ukiwa na vimelea na dalili zikatokea wiki moja, mbili, hata nne baadaye. Dalili zake za mwanzo ni uchovu, viungo na misuli kuuma, kichwa kuuma na kutetemeka. Na hivyo ndivyo vitu ambavyo mtu wa pwani aliyetoka kwenye kangeiko angevipata bila ugonjwa wowote. Wewe utasema ni baridi na mazoezi, wenzako watasema hivyo hivyo, na daktari wa Tokyo, ambaye hukutana na malaria kwa nadra, anaweza kudhani ni mafua. Beba kipimajoto. Maumivu ya mazoezi hayapandishi joto la mwili hadi nyuzi 38 ukiwa umepumzika, malaria hupandisha. Ukipima saa mbili baada ya mazoezi ukakuta 38 au zaidi, nenda hospitali siku hiyo, na neno lako la kwanza liwe kwamba umetoka Tanzania, nchi yenye malaria, na unaomba upimwe. Usisubiri waulize.

Kabla ya safari pita hospitali ya Bombo au kituo chochote chenye maabara nzuri, upime mambo mawili. La kwanza ni wingi wa damu. Upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wanawake, na mwenye himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita atahema na kuchoka kwenye randori akidhani mapafu yake hayana mazoezi, kumbe anahitaji madini ya chuma. Ukianza matibabu sasa, mpaka Januari utakuwa umefika pazuri. La pili ni sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na watu wengi zaidi hubeba kinasaba kimoja bila kuugua. Mbebaji anaweza kufanya judo kwa usalama, lakini akijisukuma kupita kiasi ghafla, hasa akiwa na upungufu wa maji, misuli yake inaweza kuishiwa nguvu na kuharibika. Ukijikuta mbebaji, anza taratibu wiki mbili za kwanza, na miguu ikilegea ghafla bila maumivu makali, kaa chini, usimalizie raundi.

Kuhusu hijabu, hutakuwa wa kwanza. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, Wojdan Shahrkhani wa Saudi Arabia aliruhusiwa kushindana judo akiwa amefunika kichwa. Kwa mazoezi vaa kofia laini inayobana, isiyo na pini hata moja, na isiyozunguka shingo, kwa sababu kitambaa shingoni kwenye kukabana ni hatari kwako. Waeleze kwamba ungependa kufanya na wanawake. Timu nyingi za vyuo zina wanawake wa kutosha, ingawa watakuwa wachache waliofanana nawe uzito. Kuna jambo la afya pia: tangu miaka ya 2000 timu za judo na mieleka Japani zimesumbuliwa na kuvu wa ngozi anayependa kichwa, shingo na mikono. Nywele zilizolowa jasho chini ya kitambaa ni makazi yake mazuri. Osha nywele kila baada ya mazoezi, zikaushe kabisa kwa mashine ya upepo kabla ya kujifunika, na uwe na kofia kadhaa ili usirudie iliyolowa. Ukiona choa cha mviringo au upele wenye magamba, toka kwenye mazoezi mpaka utibiwe, kwa ajili ya wenzako.

Wenzako watakualika kwenye mabafu ya umma ya maji moto, ambapo wanawake huoga pamoja bila nguo. Kukataa si kosa, sema tu kwamba utaoga chumbani. Maji ya nyuzi 40 nyumbani hufanya kazi ile ile, ila kunywa maji kwanza na usiingie mara tu baada ya mazoezi makali, kwa kuwa mishipa ikitanuka ghafla mtu huweza kuanguka bafuni.

Utarudi Aprili, mvua za masika zikiwa zimeanza na hewa ikiwa nzito. Uwezo wa mwili kustahimili joto hupotea ndani ya wiki chache za kuishi baridini, kwa hiyo mazoezi ya siku kumi hadi kumi na nne za mwanzo yafanye mafupi, asubuhi mapema, na usione haya wenzako wa ukumbini wakikuchosha upesi. Usiku ule ule wa kufika lala ndani ya chandarua, na homa yoyote ya wiki hizo usiiite uchovu wa safari kabla hujapima.